Nani alitunga ile ogani? Kisa cha "A Whiter Shade of Pale"

Mpiga kinanda mmoja, ambaye jina lake na bendi yake naviweka kando, alinifuata baada ya kipindi akiwa na simu mkononi. Akanisikilizisha wimbo uliokuwa unapigwa redioni asubuhi na jioni. Zile sekunde za mwanzo, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, ni vidole vyake. "Mwalimu," akaniuliza, "hapa mimi ni mtunzi au ni mpigaji tu?"

Sikumjibu siku ile. Nilimsimulia kisa cha Waingereza watatu na ogani moja, na tangu hapo nimekisimulia mara nyingi kiasi kwamba naona bora nikiandike chote. Kesi yenyewe iliamuliwa hadharani na hukumu zake zimechapishwa, kwa hiyo wahusika wakuu nawataja kwa majina. Mashahidi, mawakili na mambo ya nyumbani kwa watu nimeyaacha nje.

Usuli

Mwanzoni mwa 1967 jijini London, kijana wa miaka 20 aitwaye Keith Reid alikuwa anaandika mashairi ya nyimbo bila kupiga chombo chochote. Jina la wimbo alilipata kwenye sherehe: alimsikia mtu akimwambia mwanamke kwamba amepauka, tena kwa namna yake ya pekee ya kusema. Akaubeba msemo ule akaujengea shairi. Shairi likaenda kwa Gary Brooker, mwimbaji na mpiga piano aliyekuwa ametoka kwenye bendi ya The Paramounts. Brooker akalitilia muziki.

Muziki wenyewe unahitaji kusikika mkononi ndipo kesi ieleweke, kwa hiyo nakaa hapa kidogo. Keti kwenye piano, ushike kodi ya C (kodi ya muziki, siyo ile ya TRA). Mkono wa kushoto unaanza kwenye do, kisha unashuka: ti, la, so, fa, mi, re. Ngazi moja moja, kama mtu anayeteremka ghorofani bila haraka, huku mkono wa kulia ukibadilisha kodi kila baada ya hatua mbili hivi. Aliyewahi kusikia ile Air ya Bach, mtunzi wa kale wa Ujerumani, kutoka kwenye mkusanyo wake wa tatu wa muziki wa okestra, ataitambua tabia hiyo ya besi papo hapo. Brooker hakuficha kwamba Bach alikuwa kichwani mwake.

Machi 1967 Reid na Brooker walikabidhi haki za maneno na muziki kwa kampuni ya uchapishaji, Essex Music. Wimbo wakati huo ulikuwa na maneno, melodi ya kuimbwa na kodi zake. Ogani haikuwepo.

Mpiga ogani alikuja baadaye mwezi huohuo. Matthew Fisher, umri miaka 21, alikuwa na ogani yake ya Hammond na spika ya Leslie, ile ambayo ndani yake kuna pembe inayozunguka na kuifanya sauti itikisike kama mwanga juu ya maji. Bendi mpya ikajiita Procol Harum.

Kilichotokea

Mazoezini, Fisher alitunga mstari wa ogani wa kuingilia wimbo. Ni mizani 8, yaani mafungu manane ya mapigo. Unaanza kwa noti inayoshikiliwa kwa muda huku besi ikianza safari yake ya kushuka, kisha unajipindapinda kuelekea noti nyingine, unapumzika, unaendelea. Hautangulii tu wimbo ukaondoka. Unarudi katikati ya beti, na mwimbaji anapoimba ogani iko nyuma yake na mstari wake mwingine, kama watu wawili wanaoongea kwa zamu wasikatishane.

Aprili wakaurekodi katika studio za Olympic, ngoma zikapigwa na mwanamuziki wa kukodi. Santuri ikatoka tarehe 12 Mei 1967. Mwezi uliofuata ilishika namba moja Uingereza ikakaa wiki sita, na Marekani ikafika namba tano. Kwenye lebo yalisomeka majina mawili ya watunzi: Brooker na Reid.

Fisher hakukaa kimya kabisa. Kwa ushahidi wake, mwaka huohuo wa 1967 aliuliza kuhusu sehemu yake kwenye utunzi, akaambulia patupu. Hakusukuma zaidi. Mwaka uleule, kwenye albamu ya kwanza ya bendi, kulikuwa na kipande cha ala tupu kiitwacho "Repent Walpurgis", na hicho kiliandikwa jina lake. Maana yake habari ya majina kwenye lebo aliijua vizuri.

Aliondoka kwenye bendi 1969, baada ya kuiandalia albamu ya "A Salty Dog" kama prodyuza. Miaka ya 1990 bendi ilipofufuka akarudi, akawa anapanda jukwaani na Brooker na kupiga ile ogani usiku baada ya usiku, huku mrabaha wa utunzi, yaani malipo ya mtunzi kila wimbo unapotumika, ukienda kwa wengine. Kama mpigaji alikuwa na malipo yake ya rekodi. Ya utunzi, hapana.

Tarehe 31 Mei 2005 alifungua kesi Mahakama Kuu, London, dhidi ya Brooker na Onward Music, kampuni ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa na haki za uchapishaji. Ilikuwa imepita miaka 38. Reid hakushtakiwa, kwa kuwa maneno hayakuwa na ugomvi.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza kuuchunguza ni wa Fisher mwenyewe, wa kunyamaza mwaka 1967. Maelezo yake yalikuwa kwamba angeng'ang'ania angeweza kuiaga bendi. Wasomaji waliowahi kuwa wageni kwenye bendi hawahitaji ufafanuzi. Wiki chache umo, wimbo unapanda, wewe ndiye wa mwisho kuingia, halafu uanze kudai? Unameza. Unasema tutaongea wakivuna. Wakivuna, unaambiwa karatasi zilishasainiwa.

Uamuzi wa Brooker nao una mantiki yake, na nadhani aliuamini kwa dhati. Alikuwa ameshautunga wimbo. Alikuwa ameshaukabidhi kwa mchapishaji kabla Fisher hajaingia mlangoni. Kodi zilikuwa zake, besi yake, melodi yake, na hata harufu ya Bach ilikuwa yake. Kwa macho yake Fisher alifanya kile ambacho mpiga ogani yeyote mzuri hulipwa kufanya.

Mchapishaji yeye hakuamua chochote, na kwangu huko nako ni kuamua. Alipokea wimbo wa Machi. Kilichouzwa dunia nzima ni kitu cha Mei. Hakuna aliyerudi kuuliza kama hivyo viwili ni kitu kimoja.

Kisha majaji. Hapa ndipo penye utamu, kwa sababu ngazi tatu za mahakama ziliutazama ukweli uleule na kutoa majibu yasiyofanana.

Desemba 2006, Jaji Blackburne wa Mahakama Kuu alitenganisha kazi mbili. Kuna Wimbo, yaani maneno na muziki wa Brooker kama ulivyokuwa kabla ya mazoezi. Na kuna Kazi, yaani wimbo huo ulivyopangwa na kurekodiwa na bendi. Kwenye Kazi, alisema, mchango wa Fisher ni wa pekee na wenye uzito, kwa hiyo yeye ni mtunzi mwenza. Kufanana na Bach hakukumwondolea Fisher uhalisi: alichokijenga juu ya wazo la zamani kilikuwa chake. Fisher alitaka nusu ya haki ya muziki. Alipewa asilimia 40, kwa hoja kwamba mchango wake, pamoja na ukubwa wake, haukufikia wa Brooker.

Na miaka 38? Jaji aliitatua hivi: kwa kuwaacha wenzake waitumie Kazi muda wote huo bila pingamizi, Fisher alikuwa amewapa ruhusa ya bure isiyoandikwa. Ruhusa hiyo aliifuta siku alipofungua kesi. Kwa hiyo haki ya malipo inaanzia 31 Mei 2005. Ya nyuma yamekwenda.

Aprili 2008 Mahakama ya Rufaa, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, ilikubali kwamba Fisher ni mtunzi mwenza lakini ikamnyang'anya hisa na pesa. Amechelewa kupita kiasi bila sababu ya kueleweka, walisema. Alisimama pembeni akitazama wenzake wakiufanyia wimbo biashara, hakusema, na sasa haiwezekani aamke adai. Kwa lugha yetu: jina chukua, ugali uache.

Tarehe 30 Julai 2009, katika siku ya mwisho ya Baraza la Malodi, ngazi ya juu kabisa ya rufaa wakati huo, kutoa hukumu kabla kazi hiyo haijahamia Mahakama ya Juu mpya, majaji watano kwa kauli moja waliirudisha ile asilimia 40. Hoja ya mmoja wao, Lodi Neuberger, nairahisisha hivi. Sheria ya hakimiliki haijaweka muda wa mwisho wa mtu kudai kwamba kazi ni yake. Kuchelewa peke yake hakuui haki, ila kama kuchelewa huko kumemdhuru mwenzio. Sasa Brooker na mchapishaji walidhurika nini? Miaka 38 walikuwa wakipokea mgao ambao sehemu yake haikuwa yao. Kuchelewa kwa Fisher kuliwanufaisha.

Baroness Hale, mmoja wa majaji hao watano, aliongeza maneno machache ya kibinadamu: kwamba yeye ni miongoni mwa wanaoikumbuka miaka ya sitini, na amefurahi kwamba mtunzi wa ile ogani hatimaye ametambuliwa.

Matokeo

Majina kwenye utunzi yakawa matatu. Kwa hesabu ya mfano tu, tuseme mrabaha wa shilingi 100 umegawanywa sawa, nusu ya maneno na nusu ya muziki. Hamsini za Reid haziguswi. Kwenye hamsini za muziki, Fisher anachukua 20 na Brooker 30. Hiyo ni kuanzia 2005 kwenda mbele. Mavuno ya 1967, ya 1970, ya miaka ya 1980 wimbo ulipokuwa kwenye filamu na matangazo, yote hayakurudi. Na huu si wimbo uliolala: Aprili 2009, miezi mitatu tu kabla ya hukumu ya mwisho, BBC Radio 2 iliutangaza kuwa ndio uliopigwa zaidi ya wimbo mwingine wowote katika maeneo ya umma Uingereza kwa miaka 75.

Brooker hakulipokea vizuri. Baada ya hukumu ya kwanza alionya kwamba sasa kila mwanamuziki aliyewahi kupiga kwenye rekodi ya mtu ataweza kuibuka na dai. Alifariki Februari 2022, na Reid akafuata Machi 2023.

Uchambuzi

Nianze na kilichombeba Fisher, kwa sababu wengi wanaosoma kisa hiki wanadhani alishinda kwa huruma. Alishinda kwa usahihi wa dai. Hakusema "wimbo ni wangu". Alionyesha mizani 8 mahususi, pamoja na mstari wa ogani unaojibizana na sauti, na akaonyesha kwamba vyote viko kwenye rekodi ambayo dunia nzima inayo. Shahidi wake mkuu alikuwa santuri yenyewe. Prodyuza wa wimbo alikuwa ameshafariki, kumbukumbu za walio hai zilikuwa zimechujuka, lakini santuri ilikuwa inasema kilekile ilichosema 1967.

Huwa nawapa wanafunzi jaribio dogo. Nawaambia: niimbieni huo wimbo kwa mluzi. Wanaoujua huanza na ogani, na sijapata bado aliyeanza na melodi ya mwimbaji. Kisha napiga kodi za Brooker peke yake kwenye piano, besi ikishuka, sijaweka kitu juu, nawauliza huu ni wimbo gani. Kimya. Mmoja aliwahi kusema ni wa kanisani. Jaribio hilo si sheria, lakini linakuonyesha maana ya neno "uzito" pale Jaji Blackburne aliposema mchango una uzito.

Hapo hapo ndipo hofu ya Brooker inapojibika kwa sehemu, siyo yote. Mpiga ngoma anayeshika mapigo, mpiga besi anayefuata mizizi ya kodi alizopewa, mpiga gita anayekwaruza nyuma ya kiitikio, hao wamefanya kazi nzuri na walipwe vizuri, lakini hawajatunga kwa maana ya hukumu hii. Kipimo ni kama umeleta kitu cha asili na chenye uzito kwenye muziki wenyewe. Shida ni kwamba kati ya mpigaji na mtunzi hakuna ukuta, kuna uwanda mpana wenye ukungu, na bendi nyingi zinaishi humo. Sisi tunaujua uwanda huo vizuri. Kwenye muziki wa dansi wimbo mara nyingi ulifika mazoezini ukiwa maneno na melodi ya mwimbaji, mpiga solo akatafuta pa kupita, na kile alichokipata ndicho kinachowainua watu kwenye viti hadi leo. Lebo inasomeka jina la mwimbaji. Brooker alikuwa na haki ya kuogopa ukungu huo. Alichokosea, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba tarehe ya kumkabidhi mchapishaji ilikuwa imeuondoa.

Kuhusu kunyamaza, sikubaliani na wanaoisoma hukumu ya 2009 kama ruhusa ya kulala. Ni kweli kuchelewa hakukumuua. Lakini tazama bei. Alipoteza mrabaha wa miaka 38 ya wimbo ambao pengine usingemwachia shida yoyote ya pesa. Alipitia ngazi tatu za mahakama kwa miaka minne, akishinda, akishindwa, akishinda. Na kule kurudi kwake kwenye bendi miaka ya 1990, kupiga bila kusema, ndiko kulikowapa majaji wa rufaa nguvu ya kumkatalia. Jaji mmoja tu zaidi wa kufikiri kama wao huko juu asingebadili kitu, maana walikuwa watano kwa sifuri, lakini mtu anayeingia mahakamani hana njia ya kujua hilo mapema.

Kulikuwa na njia ya kati ambayo haikutumiwa na upande wowote. Mei 1967, santuri ilipoanza kupanda, mtu mmoja angeweza kuandika karatasi ya nusu ukurasa: mpangilio huu una ogani iliyotungwa na fulani, sehemu yake ni kadhaa. Hata asilimia 10 ingeandikwa siku ile, Fisher angeipokea kwa mikono miwili, na mwaka 2005 asingekuwa na la kudai. Ubahili wa wiki moja uligharimu asilimia 40.

Nilipomaliza kumsimulia yule mpiga kinanda, hakuuliza kuhusu Uingereza. Aliuliza kama fomu ya kusajili wimbo ilikuwa imeshapelekwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Alikuwa hajui. Nikamwambia ampigie kiongozi wa bendi jioni ileile, aongee kwa heshima, asitaje kesi wala London, aulize tu kwenye utunzi yameandikwa majina ya nani. Alipiga simu akiwa amesimama mlangoni pangu. Mengine ni yao.

Nabakiwa na jambo moja ambalo kila nikilifikiria linanichekesha. Kwa kuwa hukumu ilitenganisha Wimbo na Kazi, Fisher hana hisa kwenye Wimbo. Bendi ya hoteli ikiupiga leo na ile ogani, inapiga kitu chenye mkono wa watu watatu. Ikiupiga kwa piano na sauti tu, kama Brooker alivyouleta Machi 1967, kwa mantiki ya majaji imepiga kazi ya watu wawili. Ila wageni watabaki na vijiko mkononi, wakisubiri mwimbaji aanze ndipo wajue ni wimbo gani.